Nafuu ya Mizani

Na Hemedi Mwinyikombo

Kwenye mlima wowote wa barabara kuu iendayo bara, mahali ambapo malori hupanda kwa taabu, aghalabu utaiona lami imebonyea katika mapito ya magurudumu ikawa mifereji miwili yenye kingo zilizovimba. Na mvua inyeshapo, maji hutuama humo, na mwendesha pikipiki anayejaribu kulipisha basi huteleza kabla hajatambua kilichomsibu. Watu humlaumu mkandarasi, na huenda mara nyingine wanasema kweli, lakini mhalifu mkubwa zaidi amekwisha kupita zamani na shehena yake.

Baina ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara za mzunguko zisizokwenda popote, za lami na za zege, zenye unene mbalimbali na madaraja yake, wakawapa madereva wa jeshi malori yenye uzani uliojulikana, nayo yakazunguka hata ekseli zikawa zimepita zaidi ya mara milioni moja. Ikathibitika kwamba madhara ya ekseli hayaendi sambamba na uzani wake, bali hukua takriban kwa kipeo cha nne, yaani uzani ukiwa maradufu, madhara huwa mara kumi na sita, na ekseli ya tani 12 huumiza barabara mara mbili ya ile ya tani 10.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka ukomo wa tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari na mzigo wake wote. Juu ya ukomo wa ekseli pana nafuu ya asilimia 5, ambayo asili yake ni insafu, maana mizani mbili hazipatani daima na shehena husogea njiani. Lakini wako wasafirishaji walioigeuza nafuu hiyo kuwa haki yao, wakaijaza kwa makusudi tangu ghalani. Asilimia 5 hiyo, kwa hesabu ya Illinois, huongeza madhara kwa zaidi ya asilimia 21. Mwezi Oktoba 2013 marehemu John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi wa Tanzania, aliifuta nafuu ya namna hiyo nchini mwake. Malori yakagoma, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairejesha. Kwa upande wa hesabu naona waziri alikuwa na haki, ila hakuwa na chombo cha kumtenga mwenye kosa na mwenye bahati mbaya.

Siku hizi chombo kipo. Vigwaza mkoani Pwani, na Mariakani upande wa Kenya, lori hupimwa likiwa katika mwendo. Hukatwa mfuo mwembamba katika lami, kikalazwa humo kihisi na kuzibwa kwa gundi ngumu, na gurudumu likipita juu yake hutoka umeme hafifu kwa kadiri ya kani iliyokikandamiza. Kwa kuwa lori hurukaruka juu ya springi zake, kipimo hiki hakitoi hukumu. Huwaachia njia wasio na kosa, na wanaoshukiwa huelekezwa kwenye mizani ya kusimama, na foleni hupungua pamoja na mazungumzo ya dirishani ambayo sina haja ya kuyaeleza.

Tangu 1979 Mmarekani Fred Moses alionyesha njia ninayoipenda zaidi: vihisi hubandikwa chini ya mihimili ya daraja, nalo likipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hesabu hutoa uzani wa kila ekseli iliyopita. Daraja lenyewe huwa mizani, wala hapana kibanda cha kukwepwa kwa njia za panya, na mhandisi hupata kujua mzigo ambao mihimili yake imeustahimili mwaka mzima badala ya kukisia. Daraja la Mkapa mtoni Rufiji lingefaa kuwa la kwanza.

Hata hivyo mizani ya njiani humkuta mkosaji akiwa amekwisha kuharibu. Nahodha hutazama ubavu wa jahazi, kuona limezama kiasi gani, likiwa bado gatini. Vivyo hivyo lori lipimwe bandarini na ghalani, na faini imfikie mwenye kupakia aliyechukua nauli, si dereva peke yake ambaye hukabidhiwa mzigo uliokwisha kufungwa turubai. Ama ile nafuu, nisingeifuta tena kwa wote. Kosa la mizani hupanda na kushuka. Lori ambalo kumbukumbu zinaonyesha limezidi kwa asilimia 4 au 5 kila lipitapo, wala halikupungua hata mara moja, halikuonewa na mashine yoyote, na mwenyewe avuliwe nafuu hiyo, atozwe kuanzia kilo ya kwanza inayozidi.