Ngozi ya Kupandikiza Yataka Maji Kabla ya Marhamu

Tangu Reverdin alipopandikiza vipande vidogo vya ngozi mjini Paris mwaka 1869, waganga wameendelea kulikopa paja la mgonjwa ili kuuponya mguu wake. Kutoka Masasi hadi Newala mkopo huo hutakiwa kwa donda ndugu lililokataa kufunga, au kwa mtoto aliyeangukia moto wa jikoni.

Katika siku mbili za mwanzo kipande kilichopandikizwa hakina mshipa wa damu unaokilisha. Huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, kikiwa kimeshikizwa na utando mwembamba wa faibrini. Ndipo mishipa midogo huanza kuungana. Bakteria waitwao Streptokoki wakiwapo, huchochea utando huo uyeyuke. Ngozi huelea juu ya usaha na kufa, na mgonjwa aliyeingia na kidonda kimoja hubaki na viwili.

Hofu hiyo haiyahalalishi mazoea ya kufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kuinyunyiza jerahani. Unga hugandamana na usaha ukawa gamba. Chini yake vijidudu hupata dozi hafifu, nao hujifunza kuikinza. Krimu ya jentamaisini, iliyosifiwa katika miaka ya 1960, iliziachia wodi za majeruhi wa moto ng'ambo bakteria sugu wa Pseudomonas. Krimu ya salfadiazini ya fedha, iliyotangazwa mwaka 1968, ina manufaa yake kwa jeraha la moto linalosubiri, lakini haiondoi nyama iliyooza. Hiyo huondolewa kwa kisu na kwa maji.

Na maji ndiyo taabu ya uwanda wa Makonde. Mchanga wake humeza mvua, na chemchemi ziko chini ya magenge. Kwa vizazi vingi akina mama wameshuka na kupanda na mitungi. (Homa ya chikungunya, iliyobainishwa huku mwaka 1952 na 1953, huenezwa na mbu wanaopenda maji yaliyowekwa akiba majumbani.) Kwa hiyo wodi yenye kabati la marhamu lakini isiyo na tangi imeanza kununua mwishoni.

Maji yaliyochemshwa na kutiwa gramu 9 za chumvi kwa lita huosha kidonda bila kumfunza kijidudu ukinzani. Mwalimu wa hesabu aweza kuwauliza wanafunzi wake: wagonjwa 8, kila mmoja akioshwa kwa lita 1 kila siku kwa siku 10 kabla ya kupandikizwa, watahitaji ndoo ngapi za lita 20? Ni ndoo 4.