Ripoti ya maabara iseme kilichoonekana

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wanafunzi wenzangu wa sayansi vyuoni.

Hivi karibuni tulitumia pendulamu kupima mchapuko wa mvutano wa dunia. Kundi letu lilipata 9.2 m/s². Jirani yetu naye alipata hivyohivyo, akachukua kifutio, akaandika 9.8 kama kitabu kisemavyo. Sisi tuliiacha 9.2, kisha tukatafuta sababu: tulikuwa tumepima uzi hadi kwenye fundo badala ya katikati ya gololi. Sababu hiyo tuliiandika kwenye mjadala wa ripoti, na hapo ndipo tulipojifunza fizikia.

Tumkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, lakini hakuyakana macho yake. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha matokeo yao, na leo dunia inalitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wahadhiri, tunawaomba mtoe alama kwa ukweli na maelezo, si kwa jibu la kitabuni tu. Wanafunzi wenzangu, tuandike tulichokipima.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Morogoro