Korea ilipunguza miaka ya rais, haikupunguza mamlaka yake

Jumanne ya Desemba 3, 2024, yapata saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu za Afrika Mashariki, nilikuwa nafunga kazi habari ilipoingia kwamba Rais Yoon Suk-yeol wa Korea Kusini ameiweka nchi yake chini ya sheria ya kijeshi. Nilidhani ni kosa la uchapaji, kwamba aliyetuma habari alikusudia Korea ile nyingine, ya Kaskazini. Halikuwa kosa. Kule Seoul ilikuwa saa nne na nusu usiku, na kabla ya saa sita helikopta za jeshi zilikuwa zikitua katika uwanja wa Bunge.

Sijamaliza hata chakula cha jioni, mambo yakageuka. Wabunge 190 walifanikiwa kuingia ukumbini, baadhi yao kwa kuruka ua, akiwemo Spika Woo Won-shik aliyekuwa na umri wa miaka 67. Saa saba usiku walipiga kura kutaka amri hiyo iondolewe. Wote 190 waliunga mkono. Ilipofika saa kumi na nusu alfajiri, Yoon alikuwa amesalimu amri. Utawala wake wa kijeshi ulidumu saa sita hivi.

Tangu usiku huo nimesoma sifa nyingi kuhusu demokrasia ya Korea, kwamba imekomaa na haitikisiki. Mimi sizikubali zote. Kama imekomaa kiasi hicho, ilikuwaje rais aliyechaguliwa kwa kura halali akaamka siku moja na kutuma makomando bungeni? Yapo maswali mawili hapa: kwa nini alishindwa upesi, na kwa nini aliweza kujaribu. Kwa maoni yangu, majibu ya yote mawili yanapatikana katika mwaka mmoja, 1987.

Lakini turudi nyuma kidogo. Tangu iundwe mwaka 1948, Jamhuri ya Korea ilizoea watawala wasiotaka kuondoka. Syngman Rhee, rais wa kwanza, alibadilisha katiba ili aendelee kutawala, kisha akaiba uchaguzi wa Machi 1960. Mwezi uliofuata, maiti ya mwanafunzi ilielea katika bandari ya Masan, kopo la gesi ya kutoa machozi limekwama jichoni. Nchi ikawaka moto na mzee huyo akakimbilia Hawaii. Mwaka mmoja baadaye Jenerali Park Chung-hee akapindua serikali, akatawala miaka 18 hadi mkuu wake mwenyewe wa ujasusi alipompiga risasi wakiwa mezani, Oktoba 26, 1979.

Park ndiye anayetajwa sana na wanasiasa wetu. Hotuba za bajeti huku kwetu ni nadra kukamilika bila kutukumbusha kwamba Korea ilikuwa maskini kama sisi miaka ya sitini, kisha akaja mtu mwenye mkono wa chuma. Ni kweli kwamba viwanda vilijengwa na bidhaa zikauzwa nje. Wanachokiacha ni kwamba Novemba 1970 mshonaji nguo wa miaka 22, Jeon Tae-il, alijitia moto katikati ya soko la Seoul akidai sheria za kazi zilizokwisha kuandikwa zifuatwe. Wanaacha pia kwamba mwaka 1972 Park alijiandikia katiba iliyompa nafasi ya kutawala bila kikomo. Muujiza wa uchumi ulikuwa na watu waliouliplia, na watu hao ndio walioingia barabarani baadaye.

Baada ya Park akaja jenerali mwingine, Chun Doo-hwan. Mei 1980 alipanua sheria ya kijeshi nchi nzima, na wakazi wa mji wa Gwangju, kusini magharibi, wakakataa. Walipigwa marungu, wakachomwa singe, wakapigwa risasi. Kwa siku kumi mji huo ulipambana. Serikali ilikiri vifo vya watu wapatao 200. Jamaa za waliopotea wamekuwa wakisema ni wengi zaidi. Kwa miaka mingi mtu hakuweza kulitaja jambo hilo hadharani.

Hapo ndipo tunapofika 1987. Mnamo Januari mwanafunzi Park Jong-chul alikufa mikononi mwa polisi waliomtesa, nao wakadai kwamba walipiga tu meza na yeye akaanguka akafa. Juni mwanafunzi mwingine, Lee Han-yeol, akapigwa kopo la gesi kichwani. Safari hii walioandamana si wanafunzi peke yao. Makarani wa benki na wa maofisini walitoka wakiwa wamevaa tai zao. Michezo ya Olimpiki ya Seoul ilikuwa imebakiza mwaka mmoja, na majenerali waliogopa aibu mbele ya dunia. Tarehe 29 Juni, Roh Tae-woo, rafiki na mrithi mteule wa Chun, akakubali uchaguzi wa moja kwa moja.

Katiba iliyopitishwa na wananchi Oktoba mwaka huo ndiyo iliyokuwa ikitumika usiku ule wa Desemba 2024. Kifungu cha 77 kinasema wazi kwamba wabunge wengi wakidai sheria ya kijeshi iondolewe, rais sharti aiondoe. Lakini karatasi haisimami yenyewe mlangoni. Walioukimbilia mlango wa Bunge usiku ule walikuwa na watu wazima walioyaona ya 1980 na 1987, pamoja na vijana waliofundishwa shuleni habari za Gwangju. Hata askari walikwenda kwa kusitasita, na Mahakama ya Katiba ililitaja jambo hilo katika uamuzi wake. Siku hizo hizo mwandishi Han Kang, mzaliwa wa Gwangju aliyeandika riwaya kuhusu mauaji hayo, alikuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Hakuna mtu aliyeupanga mkutano huo wa matukio, ila Wakorea wengi waliuona.

Hilo ni jibu la swali la kwanza. La pili halina fahari.

Walioandika katiba ya 1987 walikuwa na hofu moja kuu: rais wa milele. Kwa hiyo wakampa rais muhula mmoja tu wa miaka mitano, basi. Nadhani pia kila mkubwa alikuwa akihesabu zamu yake, maana muhula mfupi hufanya foleni iende upesi. Roh alikuwepo, na wapinzani wawili, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, walikuwepo. Wapinzani hao walishindwa kuachiana, na Desemba 1987 Roh akashinda kwa asilimia 36 na ushei. Msomaji wa Kenya atakumbuka upinzani wetu wa 1992 na asilimia 36 za Moi, na sina haja ya kuendelea.

Mamlaka yenyewe hayakuguswa sana. Rais wa Korea humteua mkuu wa waendesha mashtaka, mkuu wa polisi na mkuu wa ujasusi. Bunge nalo huchaguliwa kila baada ya miaka minne, yeye baada ya mitano, kwa hiyo mara kwa mara hujikuta akitawala na Bunge la wapinzani. Hawezi kugombea tena, hivyo chama chake huanza kumkimbia mapema. Anayeingia humkuta aliyetoka hana kinga, na waendesha mashtaka wako mkononi mwake.

Tazama matokeo. Roh Moo-hyun alijiua mwaka 2009 akichunguzwa kwa hongo. Lee Myung-bak alifungwa. Park Geun-hye, binti wa jenerali, aling'olewa Machi 2017 naye akafungwa. Mwendesha mashtaka aliyejipatia jina katika kesi yake ni nani? Ni huyo huyo Yoon. Jina hilo lilimfikisha Ikulu mwaka 2022 kwa tofauti isiyofika asilimia moja. Aprili 2024 wapinzani wakashinda uchaguzi wa Bunge. Yeye akawa akikataa kutia sahihi miswada yao, zaidi ya mara 20, ikiwemo ya kumchunguza mkewe. Wao wakawa wakileta hoja za kuwaondoa maafisa wake na kuikata bajeti yake. Mtu aliyezoea kufunga watu alijiona amefungwa yeye, akatafuta silaha iliyobaki katika kabati la katiba.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wanalipuuza, nalo ni msamaha. Mwaka 1996 mahakama ilimhukumu Chun kifo kwa uasi na mauaji ya Gwangju, kisha kikawa kifungo cha maisha. Desemba 1997 alikuwa amekwisha achiliwa. Kim Dae-jung, rais mteule wakati huo, ambaye mahakama ya kijeshi ya Chun ilikuwa imemhukumu kifo mwaka 1980, aliridhia. Ulikuwa moyo mkubwa ajabu, na sithubutu kumlaumu. Lakini Chun aliishi hadi 2021 na akafa bila kuomba radhi. Park na Lee Myung-bak nao walisamehewa. Mtu anayepima kama ajaribu jambo la hatari huangalia pia waliotangulia walilala wapi miaka yao ya mwisho.

Wala kumbukumbu ya Gwangju si ya Wakorea wote kwa kiwango kimoja. Taifa hilo lina lugha moja, halina makabila kama tunavyoyajua sisi, lakini ramani ya kura ingekufanya udhani yapo. Yoon aling'olewa rasmi Aprili 4, 2025, majaji wote wanane wakikubaliana. Uchaguzi wa Juni 3 uliofuata, Lee Jae-myung wa upinzani alipata zaidi ya asilimia 80 Gwangju. Kule Daegu, mashariki, ngome ya akina Park, kiasi cha theluthi mbili walimpigia Kim Moon-soo, aliyekuwa waziri wa Yoon. Nchi nzima Kim alipata asilimia 41. Miezi michache kabla, Januari, wafuasi wa Yoon walikuwa wamevamia mahakama jijini Seoul na kuvunja madirisha kwa kuwa jaji alikubali azuiliwe.

Lee mwenyewe aliingia Ikulu akiwa na kesi mahakamani, ambazo ziliahirishwa baada ya ushindi wake, na akiwa na Bunge upande wake. Kwa hiyo alipata kile Yoon alichokikosa, mamlaka yote ya rais bila Bunge la kumzuia. Katika kampeni aliahidi kubadilisha katiba iwe mihula miwili ya miaka minne. Ahadi hiyo si ngeni. Roh Moo-hyun aliitoa 2007. Park Geun-hye alizungumzia mabadiliko 2016, wakati kashfa yake ikilipuka. Moon Jae-in alipeleka rasimu kamili bungeni Machi 2018, na mwezi Mei ikafa kwa kukosa akidi.

Kila mmoja wao alizungumzia zaidi idadi ya miaka. Nilipoanza kusoma mapendekezo ya Lee, jambo la kwanza nililotafuta ni nani atakayemteua mkuu wa waendesha mashtaka.