Bahari ni Twahara, Lakini Si Jaa la Taka



Ndugu zetu katika imani, kila tunapokemea taka zinazotupwa mtoni, hatukosi kujibiwa: "Bahari ni kubwa, haichafuki. Isitoshe, maji yake ni twahara." Hata wanafunzi wetu wameanza kuikariri hoja hii. Sisi tunaikataa waziwazi.

Ni kweli, fiqhi imetufundisha kwamba maji ya bahari yanafaa kwa udhu. Lakini hukumu hiyo ni ya anayetaka kutawadha, si ruhusa ya anayetaka kumwaga kinyesi. Na fiqhi hiyo hiyo inasema maji, hata yakiwa mengi, yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi, utwahara wake umeondoka. Vipi tushike nusu ya somo na kuiacha nusu?

Tuchukue mfano wa mto mmoja wa Kenya. Mto Nairobi hupita katikati ya jiji ukibeba maji ya vyoo, ya viwanda na plastiki, kisha huingia Mto Athi. Huo Athi mbele huitwa Galana, na mwisho Sabaki, mpaka unapomwagika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Njiani mvua huujaza udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni. Aliyefika Malindi wakati wa mafuriko ya mto amejionea bahari ikigeuka rangi ya udongo.

Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hutandaa juu. Tope lake huzuia mwanga, na matumbawe hutegemea vimelea vidogo vya mwani vilivyo ndani yake, ambavyo haviishi bila jua. Tope likikutana na chumvi hugandamana, likazama na kuyafunika. Mbolea na kinyesi navyo hustawisha mwani. Ukifa na kuoza, humaliza oksijeni ya samaki. Kaskazi inapovuma, tope husukumwa kusini, kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968.

Anayesema bahari haichafuki, basi ayaulize matumbawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tabaka zake zilionyesha kuwa udongo uliomomonyoka kutoka bara uliongezeka mno tangu mapema karne ya 20. Sisi tumesahau, bahari imeweka kumbukumbu.

Na anayeumia ni nani? Ni mvuvi wa mtumbwi asiyeweza kufika kina kirefu, na watoto wanaomngoja nyumbani. Dini yetu imeharamisha kudhuru, na imetuusia haki ya jirani. Anayeishi chini ya mto ni jirani yetu, hata kama hatumjui.

Viwanda na wenye mamlaka wana lawama yao, hatuwafichi. Lakini tujihesabu na sisi. Tukilipa gari la kunyonya choo, tuulize linakwenda kumwaga wapi. Mwenye shamba aache ukanda wa nyasi na miti ukingoni mwa mto. Mama na baba wasimtume mtoto kutupa taka mtoni. Nasi walimu, tunapofundisha mlango wa twahara, tusiishie kwenye birika. Tuwapeleke watoto mtoni wakaone.