Wimbo wa dakika 23, habari ya dakika 15

Wiki iliyopita mkubwa mmoja kazini alinikuta nimevaa hedifoni, macho nimeyafumba, nimeegemea kiti kama abiria wa basi la usiku. Akanigusa bega. "Kaka, umelala?" Nikamwambia hapana bosi, nasikiliza wimbo, namalizia. Akasimama akisubiri niumalize. Dakika moja, mbili, tatu. Akauliza, "Huo wimbo una urefu gani?" Nikamjibu: dakika 23. Akacheka mpaka akashika meza. "Sisi hapa habari nzima tunaitoa kwa dakika 15, wewe unasikiliza wimbo mmoja dakika 23!"

Nilicheka naye. Lakini maneno yake sijayasahau, na ndiyo yamenifanya niandike leo.

Wimbo wenyewe ni "Objects Outlive Us" wa Mwingereza Steven Wilson, umo katika albamu yake The Overview iliyotoka tarehe 14 Machi 2025. Albamu nzima ina nyimbo mbili tu, mmoja dakika 23 na mwingine 18. Jina limetokana na ile hali wanayosimulia wanaanga: ukiiona dunia kutoka kule juu, kitu kidogo kinachoning'inia gizani, mambo uliyokuwa ukiyagombania yanaonekana ya kitoto. Kuna sehemu ambayo maneno yake yameandikwa na Andy Partridge, yule wa kundi la XTC. Ni visa vidogo vidogo vya watu wa kawaida hapa duniani, huku kwingineko nyota zinazaliwa na kufa. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya nne, nikiwa ndani ya daladala, foleni ya Ubungo imegoma kabisa na konda anabishana na mama mmoja juu ya chenji ya shilingi mia, nikaelewa. Ilibidi nitabasamu peke yangu.

Sasa najua kuna wanaojiandaa kuniuliza: wewe kijana wa Kibongo, roki ya wazungu inakuhusu nini? Swali hili nimelijibu tangu chuo, nalijibu tena kwa kifupi. Roki ilipikwa na Wamarekani weusi, watu kama Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Little Richard. Na mmoja wa waimbaji wake wakubwa kabisa, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kwa hiyo tuache. Bongo Fleva naipenda, taarabu naipenda, na hii naipenda. Moyo si nyumba ya chumba kimoja.

Turudi kwenye hoja. Ukiangalia albamu za roki mbadala na ile roki ndefu ya progresivu zilizotikisa miaka ya karibuni, utaona kitu: nyingi zimetoka kwa watu waliokaa kimya muda mrefu. Tool walitoa Fear Inoculum tarehe 30 Agosti 2019, miaka 13 baada ya 10,000 Days ya mwaka 2006. Porcupine Tree, kundi la huyo huyo Wilson, walirudi mwaka 2022 na Closure/Continuation, nao baada ya miaka 13. The Cure ndio waliovunja rekodi: Songs of a Lost World ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu iliyotangulia. Na si kwamba mashabiki walikuwa wamewasahau. Ilipanda hadi namba moja Uingereza, kitu ambacho The Cure hawakukipata tangu Wish ya mwaka 1992.

Hiyo ya The Cure niiseme kidogo zaidi, maana ndiyo iliyonigusa. Nyimbo ni nane tu. Wimbo wa kwanza, "Alone", unakwenda zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua kinywa. Vinanda vinatanda, dramu inatembea polepole kama watu wanaotoka makaburini, na wewe unasubiri. Katika miaka ile ya kimya Smith alifiwa na mama, baba na kaka yake. "I Can Never Say Goodbye" ni wimbo wa huyo kaka. Hauna kelele. Ni mtu mzima wa miaka 65 anayesema jambo ambalo amelikalia kwa muda mrefu mpaka maneno ya ziada yamedondoka yenyewe. Nimehudhuria misiba mingi kwa ajili ya kazi, nikiwa na kalamu na simu mkononi, nikiuliza ndugu wa marehemu maswali ambayo hata mimi nayaonea aibu. Wimbo ule ulinionyesha nilichokuwa nakipita mbio.

Na hapa nikiri jambo. Miezi kadhaa iliyopita ilitokea ajali ya barabarani. Nilipigiwa simu na mtu aliyekuwa eneo la tukio, akanitajia majina. Wenzetu wa vyombo vingine walikuwa wameanza kurusha. Nikaandika kwa dakika kumi na tano, ikapanda mtandaoni. Kati ya niliowaandika kuwa wamefariki, mmoja alikuwa hai, amelazwa wodini. Tulirekebisha ndani ya saa moja. Lakini dada yake alikuwa ameshasoma. Alinipigia usiku, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unakimbilia wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kwa hiyo nilipomsikiliza Smith nikasema, basi, jawabu ni hili: kukaa na jambo mpaka liive. Haraka haraka haina baraka. Ingekuwa makala nzuri, ningeishia hapo na kuwatakia siku njema. Lakini kadiri ninavyosikiliza, hoja yangu mwenyewe inavuja.

Kwanza, kusubiri peke yake hakupiki chakula. Fear Inoculum naiheshimu. Wimbo wake wa dakika 10 na ushee wenye jina la albamu uliingia kwenye chati ya Billboard Hot 100, ukawa mrefu kuliko wote waliowahi kuingia hadi wakati huo. "7empest" unakaribia dakika 16 na ulishinda tuzo ya Grammy mwaka 2020. Danny Carey anapiga dramu kama ana mikono minne. Lakini kuna vipande vya katikati vya vyombo vitupu ambavyo, tuseme ukweli baina yetu, ni maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi. Isitoshe, sehemu ya miaka ile 13 haikuwa ya kutafakari sanaa. Ilikuwa ya kesi mahakamani na mawakili.

Dream Theater nao: mpiga dramu wao Mike Portnoy aliondoka mwaka 2010, akarudi 2023, na Parasomnia ikatoka Februari 2025. Wenye kupenda ufundi watafurahi. Mimi nilifurahi nusu ya kwanza, nusu ya pili nikaanza kuhesabu vidole vya mpiga gitaa.

Pili, wapo wanaokwenda mbio na wakapatia. The Smile, kundi la Thom Yorke na Jonny Greenwood wa Radiohead pamoja na mpiga dramu Tom Skinner, walitoa albamu mbili katika mwaka mmoja: Wall of Eyes Januari 2024 na Cutouts Oktoba 2024. Ya pili nyepesi kidogo, sawa, lakini zote zina uhai. Zinasikika kama watu watatu walioingia chumbani wakiwa na hamu ya kupiga. Kwa hiyo haraka si dhambi yenyewe. Hawa wana miaka zaidi ya thelathini ya mazoezi nyuma yao. Wakienda mbio hawajikwai.

Tatu, na hii ndiyo iliyoniumiza kichwa, ni WITCH wa Zambia. Kama huwajui, wajue leo. Miaka ya sabini, mwisho ule mwingine wa reli ya TAZARA, vijana wa Zambia walikuwa wanapiga roki yao wenyewe yenye magitaa ya kukwaruza na midundo ya nyumbani, tunayoiita Zamrock. WITCH walikuwa vinara. Juni 2023 walitoa albamu inayoitwa Zango, ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Arobaini! Smith na miaka yake 16 asogee pembeni.

Lakini wao hawakuwa wanasubiri wimbo uive. Bei ya shaba ilianguka, uchumi ukaenda nayo, na UKIMWI ukaja kumalizia. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, ndiye pekee aliyebaki hai katika kikosi cha mwanzo. Kwa miaka mingi alikuwa akichimba vito vya thamani ardhini kutafuta riziki. Zango ni nzuri, ina furaha ambayo sijui waliitoa wapi. Ila huwezi kuniambia kwamba ukimya ule ulikuwa subira. Ulikuwa wizi. Tumeibiwa albamu kumi ambazo hatutazisikia kamwe.

Hapo ndipo nilipofika, ndugu msomaji. Subira huvuta heri, lakini kuna subira ya mwenye shibe na subira ya mwenye njaa. Tool waliweza kukaa miaka 13 kwa sababu nyimbo za zamani na matamasha yaliendelea kuwalisha. Mwanamuziki wetu wa Sinza anayetoa wimbo kila mwezi, nusu umeiva nusu mbichi, hana mahali pa kukaa asubiri. Akinyamaza miezi mitatu anasahaulika, na kodi ya nyumba haisahau. Nilikuwa namcheka. Sitamcheka tena. Mimi na yeye tunaendeshwa na saa ile ile.

Tofauti ni kwamba wimbo mbichi hauui mtu. Habari mbichi inaweza kumliza dada wa mtu usiku. Kwa hiyo tangu siku ile nimejiwekea sharti: jina la marehemu siliandiki mpaka nimezungumza na hospitali au na ndugu, hata kama wenzetu wametutangulia kwa saa nzima. Nimeshakaripiwa mara mbili kwa kuchelewa. Sijui litanifikisha wapi kikazi, lakini nalala.

Na Jumapili jioni, nikimaliza kufua, nazima data, najilaza, naweka Songs of a Lost World au Zango kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kurusha wimbo hata mmoja. Ukiwa mgeni wa muziki huu anza na Zango, utacheza. Kisha The Cure. The Overview iache mpaka ukwame kwenye foleni.

Na bosi akinikuta tena nimefumba macho, nitamwambia asubiri dakika 23. Pengine naye akae asikilize.