Amnoni Naye Alisema Ni Mgonjwa

Kuna sentensi ambayo sisi wachungaji tumeisikia mara nyingi kwenye baraza la wazee, na wengine wetu tumeitamka kwa vinywa vyetu: "Huyu ndugu ni mgonjwa, tumwombee." Husemwa baada ya mtoto kuumizwa kimwili na mtu mzima wa humu humu kanisani. Anayeombewa ni mtu mzima. Sentensi hiyo ikishasemwa, kikao kimekwisha, na chai inaletwa.

Zamani tulisema ni pepo. Siku hizi tumesoma, simu zetu zina intaneti, basi tunasema ni ugonjwa, na wapo wanaolijua hata jina lake la kitaalamu, pedofilia. Tunadhani tumeelimika. Sisi tunasema tumebadilisha maficho tu.

Tuanze na madaktari, maana wanasingiziwa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, ambao unatumika nchi nyingi, unatenganisha mambo mawili. Kuna mvuto wa kimapenzi usio wa kawaida, unaoitwa parafilia. Kisha kuna tatizo la kiafya, ambalo halitajwi mpaka mvuto huo umtese mwenye nao au umvurugie maisha, au ulete madhara, au hatari ya madhara, kwa wengine. Kwa habari ya mvuto kwa watoto ambao hawajabalehe, mwongozo unataka uwe umedumu angalau miezi 6, mwenye nao awe ametimiza miaka 16, na awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 5. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo inadai mvuto uwe mkali na wa kudumu.

Sasa angalieni. Kitendo peke yake hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Sehemu kubwa ya watu waliodhulumu watoto, wakichunguzwa vizuri, hawana kabisa mvuto huo wa kudumu. Walimtumia mtoto kwa sababu alikuwa karibu, alikuwa mnyonge, na walijua hakuna atakayemwamini. Wengine walikuwa wamelewa, wengine wamezoea kutopingwa. Na kwa upande wa pili wapo watu wenye mvuto huo ambao hawajamgusa mtoto yeyote na wanaomba wasije wakamgusa. Hospitali ya Charité mjini Berlin ilianzisha mpango wa kuwahudumia watu wa namna hiyo mwaka 2005. Kwa hiyo yuko mhalifu asiye mgonjwa, na yuko mgonjwa asiye mhalifu. Sisi tumewafunga wote kitita kimoja, kisha tukamwonea huruma yule asiyestahili kuanza kuhurumiwa.

Daktari hafikii uamuzi wake kwa kumtazama mtu akilia mbele ya madhabahu. Anasoma jalada la kesi. Anauliza walioumizwa ni wangapi, walikuwa na umri gani, wavulana au wasichana, ndugu au watoto wa watu, jambo lilianza lini. Anajua kwamba anayehojiwa ana kila sababu ya kuficha. Hata hivyo madaktari wenyewe hubishana. Wakati wa kuandaa toleo lile la 2013 kulikuwa na pendekezo kwamba tabia ya kubaka ipewe nafasi yake kati ya magonjwa hayo, nalo likakataliwa. Kazi inayowashinda mabingwa, baraza letu huimaliza kwa robo saa, bila hata kumsikia mtoto.

Na tuseme ni kweli, daktari amethibitisha. Nani alitufundisha kwamba utambuzi wa daktari unafuta hatia? Katika jimbo la Kansas huko Marekani alikuwepo mtu aliyeitwa Leroy Hendricks, aliyewadhulumu watoto kwa miaka mingi na kukubali mwenyewe kwamba akizidiwa na msongo hawezi kujizuia. Alipomaliza kifungo chake hakuachiwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali aendelee kuzuiliwa, kwa hoja hiyo hiyo kwamba ana kasoro ya akili na ni hatari. Tunaweza kubishana kama hiyo ni haki. Majaji wenyewe waligawanyika. Lakini huko neno "mgonjwa" lilifunga mlango. Kwetu linamfungulia mtu mlango wa Shule ya Jumapili.

Biblia ilituonya mapema. Someni Samweli wa Pili, sura ya 13. Amnoni alimtamani Tamari, binti wa baba yake, mpaka akakonda. Rafiki yake Yonadabu, mtu mwerevu sana, akampa shauri: lala kitandani, jifanye mgonjwa. Mfalme akaja kumjulia hali mgonjwa, naye mgonjwa akaomba dada yake aje amwandalie chakula. Daudi mwenyewe ndiye aliyemtuma binti yule. Baadaye akakasirika sana, na hatusomi kwamba alifanya lolote. Absalomu akamwambia dada yake anyamaze. Tamari akakaa katika nyumba ya ndugu yake, maisha yake yameharibika. Tunalihubiri neno hili mara chache mno, na tukilihubiri tunawakemea vijana kuhusu tamaa. Hatumtaji Yonadabu, kwa sababu Yonadabu ni sisi.

Hatusemi haya tukiwa juu ya mlima. Katika usharika mmoja tulioutumikia, mwalimu wa kwaya alimdhulumu mtoto wa miaka 11. Tulikaa, mchungaji pamoja na wazee. Mzee mmoja akasema ile sentensi. Tukamwekea mikono mwalimu, akalia, tukaguswa. Mama wa mtoto, muuza mboga, alikuwa amekaa karibu na mlango. Akauliza, "Baba Mchungaji, na mwanangu mtamwombea lini?" Hatukuwa na jibu. Tuliahidi kwenda nyumbani kwake Jumatano, na Jumatano kulikuwa na msiba.

Tutaambiwa kwamba Walutheri wanahubiri neema, na kwamba kila mmoja wetu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Amina, tunalihubiri. Lakini ndio sisi pia tunaofundisha kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili, kwa Injili na kwa sheria ya serikali, na kwamba hizo mbili hazichanganywi. Msamaha wa dhambi haufuti kosa la jinai. Sheria ya Tanzania inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na kifungo cha maisha aliyebakwa akiwa msichana wa chini ya miaka 10. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa azipeleke kwa serikali za mitaa. Mchungaji ni mwanajamii. Wanaokimbilia siri ya ungamo wakumbuke kwamba kikao cha wazee kumi si ungamo, na habari yake imeshafika sokoni.

Wenzetu wa Ujerumani, ambao wamisionari wao walituletea Injili, walichapisha Januari 2024 utafiti kuhusu udhalilishaji wa kingono ndani ya kanisa lao la kiinjili na taasisi zake za diakonia. Walikuta angalau waathirika 2,225 na watuhumiwa 1,259, na watafiti wakasema hiyo ni sehemu ndogo ya yaliyotokea. Walikuta pia kwamba waathirika walisukumwa wasamehe haraka ili amani ya usharika isivurugike. Tuliposoma hapo tuliweka karatasi chini kidogo. Ni kama mtu alikaa kwenye vikao vyetu akiandika.

Kwa hiyo tunadai. Habari ikifika, iende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote, na mtoto apelekwe hospitali. Mtuhumiwa asiguse tena kazi ya watoto. Akihukumiwa, tumtembelee gerezani, tumpelekee Meza ya Bwana akitubu. Akitoka, akae ibadani akiwa na mtu pembeni yake, na watoto asirudishiwe kamwe. Kama ni mgonjwa, daktari aseme, na atibiwe. Madaktari hawaahidi kuung'oa mvuto huo, wanamfundisha mtu kuutawala na kukaa mbali na hatari, na mara nyingine wanampa dawa za kupunguza ashiki. Mtu aliyetubu kweli hatakasirika kunyimwa darasa. Akikasirika, mmeshajua.

Na barua za utambulisho zisiandikwe kwa huruma. Yule mwalimu wa kwaya alihama miezi minne baadaye, na barua yake tuliisaini sisi: mshiriki mwaminifu, mwenye karama ya uimbaji. Hatukusema kitu kingine. Tulipopata ujasiri wa kuuandikia usharika aliokwenda, tulijibiwa kwamba amekwisha kuhamia kwingine, na kwamba nao walimpa barua nzuri.