AFYA NYUMBANI: Adui Asiyeonekana Katika Mikono ya Watoto

Hapana mama wa Kaptagat atakayemimina maziwa katika kibuyu cha mursik kabla hajakiosha, akakisugua, na kukipaka ndani masizi ya kijiti kilichounguzwa motoni. Akiulizwa sababu, atajibu ya kuwa kibuyu kichafu huharibu maziwa. Hajakiona kwa macho yake kitu kinachoyaharibu. Lakini alifundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na nyanya, kwamba uchafu usioonekana waweza kupoteza kazi ya siku nzima. Walakini katika boma hilo hilo mtoto wa miaka minne aweza kutoka chooni, au zizini alikokuwa akicheza na ndama, akaketi na kumega ugali pasipo mtu kumwuliza habari za mikono yake. Kibuyu kimetunzwa, na mkono umesahauliwa.

Jambo hili si dogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, maradhi ya kuhara huua kila mwaka duniani watoto wapatao 440,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Viini vya maradhi hayo hutoka katika kinyesi cha watu na cha wanyama, vikashika vidole, na kutoka vidoleni vikaingia kinywani pamoja na chakula. Mayai ya minyoo nayo hupita njia hiyo hiyo, yakitoka katika udongo ambao watoto huuchezea. Kunawa kwa sabuni ni kuikata njia hiyo. Wataalamu waliolinganisha majaribio ya nchi nyingi waliona ya kuwa mahali watu waliposhika kweli desturi ya kunawa, kuhara kulipungua kwa karibu theluthi moja. Hiyo ni faida kubwa kwa bei ya kipande cha sabuni.

Shida iliyopo ni kumsadikisha mtoto. Mtoto mdogo huamini kile anachokiona, na kijidudu hakionekani. Vijidudu vingi viletavyo kuhara vina urefu kama wa sehemu moja ya mia tano ya milimita. Yaani vikipangwa 500 katika mstari mmoja, vitajaza milimita moja tu, ambayo ndiyo nafasi ndogo kuliko zote katika rula ya mwanafunzi. Mtoto aitazama mikono yake, aiona haina tope, naye asema, “Mbona ni misafi?”

Mtoto huyo asilaumiwe, kwa sababu hata madaktari wakubwa waliwahi kukataa vivyo hivyo. Jina la mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, lajulikana sana Kaptagat, kwa kuwa ndiko Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi yake Kaptagat kwa miaka mingi, alikokimbia mwendo wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019. Katika mji huo huo, mwaka 1847, daktari mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis alifanya kazi katika hospitali yenye sehemu mbili za wazazi. Sehemu moja ilihudumiwa na wakunga, na ya pili na madaktari pamoja na wanafunzi wao. Na ile ya madaktari ndiyo iliyopoteza akina mama wengi zaidi. Semmelweis alitambua ya kuwa madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa katika sehemu hiyo wanawake wapatao 18 kwa kila 100. Mwezi wa Juni walikufa wapatao 2 kwa kila 100.

Hata hivyo wenzake wengi hawakumkubali, maana hakuweza kuwaonyesha kitu kilichokuwa mikononi mwao. Alifariki mwaka 1865, kabla kazi za Louis Pasteur na Robert Koch hazijaisadikisha dunia. Basi, ikiwa wasomi wa Ulaya walitaka kuona kwanza, mtoto wa chekechea naye ana haki ya kuonyeshwa. Mwalimu au mzazi aweza kumwonyesha kwa vitu vilivyomo jikoni.

Jambo la kwanza ni mkaa. Kipande cha mkaa husagwa kikawa vumbi laini, kikachanganywa na matone machache ya mafuta ya kupikia. Mtoto mmoja hupakwa mchanganyiko huo katika kiganja. Huwasalimia wenzake wawili kwa mkono, nao huwasalimia wengine wawili. Kisha wote huachwa wacheze kwa muda, wafungue mlango, washike madawati, na kupeana kalamu. Baada ya dakika chache huambiwa watafute weusi ule umefika wapi. Wataukuta mlangoni, katika kola za mashati, na mara nyingi puani na midomoni. Hapo ndipo maneno ya mwalimu hupata nguvu: “Mkaa mnauona. Kijidudu hupita njia hii hii, ila hakina rangi.”

Jambo la pili hufuata papo hapo. Nusu ya watoto hunawa kwa maji matupu, na nusu kwa maji na sabuni. Wa maji matupu watabaki na weusi, kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji. Sabuni ndiyo iyashikayo mafuta na kuyaachilia yachukuliwe na maji. Watoto na waangalie hasa katikati ya vidole, kuzunguka kucha, na mgongoni mwa mkono. Watagundua wao wenyewe ya kuwa kugusa maji si kunawa. Muda unaofaa wa kusugua ni sekunde 20 kwa uchache. Mtoto asiyejua saa hufundishwa wimbo mfupi wa nyumbani kwao unaotimiza muda huo, akausugua mkono hadi wimbo uishe.

Jambo la tatu lahitaji subira, nalo ni la viazi, ambavyo Kaptagat havikosi. Viazi huchemshwa, vikakatwa kwa kisu kilichochemshwa, na vipande vitatu vikatiwa katika chupa tatu za kioo zilizochemshwa pamoja na vifuniko vyake. Kipande cha kwanza hushikwa na watoto waliotoka kucheza. Cha pili hushikwa na waliokwisha nawa kwa sabuni. Cha tatu hakiguswi na mtu. Chupa hufungwa, zikaandikwa, na kuwekwa mahali penye joto kidogo, maana baridi ya Kaptagat huchelewesha mambo. Koch mwenyewe alitumia vipande vya viazi vilivyochemshwa kuoteshea vijidudu, kwa hiyo watoto hawa watakuwa wakifuata nyayo za mtaalamu. Kila asubuhi watazame kupitia kioo na kuchora wanachokiona: matone, madoa, au ukungu. Chupa zisifunguliwe kamwe. Mambo yakiisha, mtu mzima ndiye azitupe shimoni zikiwa zimefungwa.

Mwalimu asiongeze chumvi katika maelezo yake. Ukungu ule si lazima uwe ndio uletao kuhara, na kipande kilichoshikwa kwa mikono iliyonawa chaweza nacho kuota kitu, kwa sababu kunawa hupunguza vijidudu, hakuvimalizi vyote. Kadhalika uko mchezo wa kunyunyiza pilipili manga juu ya maji katika sahani na kuchovya kidole chenye sabuni. Pilipili hukimbilia ukingoni, na watoto hushangilia. Mchezo huo wapendeza, lakini waweza kudanganya. Mtoto aweza kudhani ya kuwa vijidudu huogopa sabuni na kukimbia mara viionapo. Ilivyo kweli ni kwamba sabuni hubadili uso wa maji, na mikononi huhitaji kusugua na kusuuza ndipo uchafu utoke.

Baada ya kuona, yapasa mtoto akute nyumbani njia ya kutenda. Hapa pana desturi mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni beseni moja la kunawia watu wote. Wa kwanza hunawa vizuri. Wa tano hunawa uchafu wa wanne waliomtangulia, na mara nyingi wa tano ndiye mtoto. Afadhali maji kidogo yamiminwe kwa birika juu ya mikono kuliko mengi yaliyokwisha chafuliwa. Ya pili ni baridi. Asubuhi za Kaptagat, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, mtoto huyakimbia maji kama moto. Mzazi ajue ya kuwa maji baridi na sabuni husafisha mikono sawasawa na ya vuguvugu, maana maji yavumilikayo na ngozi hayana joto la kuua vijidudu. Lakini ikiwa kikombe cha maji ya moto kutoka mekoni kitamfanya mtoto akubali kunawa, na kitiwe, mtu mzima akiwa ameyapima kwanza kwa mkono wake.

Chombo kifaacho ni kibuyu chirizi, ambacho mtoto wa miaka minane aweza kusaidia kukitengeneza. Mtungi wa plastiki wa lita tano hutobolewa kwa msumari uliotiwa moto na mtu mzima, tundu likiwa upande wa juu chini kidogo ya mdomo. Huning'inizwa kwa mti uliolazwa juu ya panda mbili, na kamba hufungwa kutoka shingoni mwake hadi kijiti kilicho chini. Mtu akikanyaga kijiti, mtungi huinama na kuchiriza maji. Akiondoa mguu, maji hukoma. Mkono mchafu haushiki kitu ila sabuni, nayo hutobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ubavuni, isije ikachukuliwa na kunguru. Mahali pake ni karibu na choo, na kingine karibu na mlango wa jikoni.

Hata hivyo chombo peke yake hakitoshi. Uchunguzi mkubwa ulifanyika katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Baadhi ya nyumba zilipewa vyombo vya kunawia vya kukanyagwa kwa mguu, pamoja na mafundisho ya kunawa kwa maji ya sabuni. Mwaka wa kwanza nyumba nyingi katika hizo zilikutwa zina maji na sabuni mahali pake. Mwaka wa pili nyumba za namna hiyo zilikuwa zimepungua sana. Na kuhara kwa watoto hakukuonekana kupungua. Vyombo vilikuwapo. Kilichokosekana katika nyumba nyingi ni maji na sabuni siku kwa siku.

Wazazi hawana haja ya kwenda mbali kuona mfano wa hayo. Shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote yalipofunguliwa tena tarehe 4 Januari 2021, kunawa mikono kulikuwa sharti la kuingia langoni. Kila mzazi na aende leo katika shule ya mtoto wake aitazame mitungi ile. Ikiwa ina maji na sabuni, mwalimu na ashukuriwe. Ikiwa imekauka, neno hilo na lipelekwe katika mkutano wa wazazi, kwa maana mtoto aliyefundishwa kunawa, kisha akakuta mtungi mtupu siku tatu mfululizo, amefundishwa somo la pili, nalo ni kwamba la kwanza halikuwa na maana.

Dawa yake ni zamu. Katika kambi ya wakimbiaji ya Kaptagat alimofanyia mazoezi Kipchoge, hata mabingwa wa dunia walijulikana kwa kugawana kazi za kufagia, kuchota maji na kusafisha vyoo, kila mtu kwa siku yake. Nyumba nayo yaweza kufanya hivyo. Jina la mwenye zamu liandikwe kwa chaki mlangoni: leo baba, kesho dada mkubwa, kesho kutwa kaka. Mwenye zamu ajaze mtungi jioni, atazame sabuni, na asafishe mahali pale. Baba asijitoe katika orodha hiyo, maana mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyeona weusi wa mkaa ukitoka kwa sabuni atakuwa mkali kuliko askari, naye atamwuliza hata babu yake mezani kama amenawa. Wakubwa wasikasirike kwa kuulizwa hivyo. Waondoke, wakanawe, na wahakikishe ya kuwa maji ya mtoto wa mwisho yamebaki mtungini.